Mabeseni 12 ya Santa Catalina: Konventi Iliyogeuzwa Hoteli Oaxaca

Katikati ya jiji la Oaxaca, kusini mwa Meksiko, kuna hoteli ambayo uani kwake limesimama banda la mawe. Banda lina matao na paa, na chini ya paa hilo kuna birika la maji lililozungukwa na mabeseni 12 ya mawe, yamepangwa kwa duara kama petali za ua. Wageni hupiga picha hapo. Maharusi nao hupiga picha hapo. Wenyeji huliita Los Lavaderos, mahali pa kufulia, kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika pale hoteli ilipokuwa bado konventi, yaani nyumba ya watawa wanawake, ya Santa Catalina de Siena. Vizazi kwa vizazi, mtu aliinama juu ya kila beseni akasugua mashuka, mavazi ya watawa na vitambaa vya altare, maji baridi yakimchoma vidole.

Hoteli yenyewe leo inaitwa Quinta Real na ina vyumba 91. Jengo lilianza kupokea wageni wa kulala katikati ya miaka ya 1970. Katika matangazo ya utalii, hoteli za namna hii husifiwa kuwa ni za "mtindo wa kikoloni", na neno hilo hutajwa kwa raha, kama vile mtu anavyotaja bwawa la kuogelea au kifungua kinywa. Kwetu sisi tuliokulia katika nchi zilizotawaliwa, neno hilo halipiti kooni kirahisi. Lakini kuchukizwa na neno ni jambo moja, na kupima kama jengo lilistahili kugeuzwa hoteli ni jambo lingine. Hili la pili lina hoja nzito kwa pande zote mbili, na nimeona watu wengi wakilihukumu kwa haraka.

Tuanze na jengo lilivyofika hapo.

Konventi ilianzishwa mwaka 1576 na Askofu Bernardo de Alburquerque, mtawa wa shirika la Wadominiko, wakati jiji bado liliitwa Antequera kwa jina la mji wa Hispania. Wasichana walioingia walikuwa hasa wa familia za Wahispania. Mlangoni hawakupita mikono mitupu: kila aliyetaka kuwa mtawa wa shela nyeusi, yaani mtawa kamili, alikuja na mahari, fedha nyingi ambazo familia yake ililipa kwa konventi kama vile ingemlipa bwana harusi. Fedha hizo hazikukaa sandukuni. Zilikopeshwa kwa riba kwa wafanyabiashara na wenye mashamba, kiasi kwamba konventi za wanawake katika Hispania Mpya, koloni ambalo leo ni Meksiko, zilifanya kazi ambayo leo tungesema ni ya benki.

Na utajiri wa Oaxaca ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka kwa mdudu. Kochinili ni kidudu kidogo kinachoishi juu ya mpungate. Hukusanywa kwa mkono, hukaushwa, husagwa, na hutoa rangi nyekundu iliyogombewa sokoni Ulaya. Katika karne ya 18 ilikuwa bidhaa ya pili kwa thamani baada ya madini ya fedha miongoni mwa zilizosafirishwa kutoka Hispania Mpya. Waliokusanya walikuwa Wazapoteki na Wamixteki, wenyeji wa asili wa vijijini, na maafisa wa Kihispania waliwapa malipo ya mbele ili wadaiwe rangi kwa bei iliyopangwa. Kwa hiyo mtu akisimama katika ua wa Santa Catalina na kustaajabia mawe yake ya kijani, anastaajabia pia jasho la watu ambao hawakuwahi kuruhusiwa kupita geti lile isipokuwa kama watumishi.

Watumishi walikuwa wengi. Katika konventi tajiri za enzi hizo, mtawa aliweza kuwa na mpishi wake, dada wa kazi wake, hata mtumwa wake. Hali ilifika mahali ambapo mageuzi ya miaka ya 1770 yaliwataka watawa wa Hispania Mpya wale meza moja, waishi pamoja, na wapunguze wanaowatumikia. Hapo ndipo mabeseni yale 12 yanapoanza kusema. Mabinti wa mahari walikuwa wakisali kwaya. Waliofua kwa kawaida walikuwa wengine.

Kisha akaja Benito Juárez, Mzapoteki wa kijiji cha Guelatao. Aliingia jiji hilohilo la Oaxaca mwaka 1818 akiwa na miaka 12, akaenda kwenye nyumba ambako dada yake alikuwa mpishi. Yule mtoto alikuja kuwa gavana wa Oaxaca, kisha rais wa Meksiko, na tarehe 12 Julai 1859 serikali yake ikatangaza kwamba mali za Kanisa ni mali ya taifa. Amri ya 26 Februari 1863, katikati ya vita na Wafaransa, ikafuta jumuiya za watawa wanawake nchi nzima na kuwataka wahame kwa siku chache. Wanawake waliokuwa wameapa kutotoka nje mpaka kufa walijikuta barabarani. Sioni haja ya kuchagua upande hapa. Sheria ile ilivunja mamlaka ambayo Kanisa lilikuwa limejilimbikizia kwa karne tatu, na papo hapo iliwaumiza wanawake ambao wengi wao hawakuwa na pengine pa kwenda. Yote mawili ni kweli.

Baada ya hapo Santa Catalina ikawa jengo la yeyote mwenye haja. Kuna kipindi ilikuwa gereza, kuna kipindi ilikuwa ofisi za manispaa, ikawa shule, ikawa na ukumbi wa sinema. Ilistahimili tetemeko la Januari 1931 lililobomoa sehemu kubwa ya jiji na kufukuza familia nyingi. Wanaosema hoteli ilifuta historia ya konventi husahau miaka hii mia moja na zaidi, ambapo mtawa wa mwisho alikuwa ameshaondoka na jengo lilikuwa likikatwa vyumba kwa mbao, likipakwa rangi juu ya michoro, likivuja.

Hapo ndipo upande wa watetezi unapopata nguvu, na nguvu hiyo ni ya kweli. Jengo la karne ya 16 halisimami lenyewe. Kuta nene zinanyonya maji kutoka ardhini, chokaa hubanduka, boriti huliwa na mchwa, na katika nchi ya matetemeko kila ufa ni tishio. Hizo ni gharama zisizoisha, za kila mwaka, wala si za mara moja. Hoteli inazo fedha za kila siku kwa sababu ina wageni wa kila siku. Chini ya sheria ya mwaka 1972 ya magofu ya kale na majengo ya kihistoria, mmiliki au mpangaji hawezi kubomoa tao au kupandisha ghorofa bila idhini ya INAH, taasisi ya taifa ya anthropolojia na historia. Hivyo mwekezaji hulipia ukarabati huku mikono yake imefungwa kwa sheria. Vipande vya michoro ya zamani vilivyofunuliwa ukutani vinaonekana leo kwa sababu kuna mtu alilipwa kukwangua rangi iliyovifunika. Isitoshe, kuna ajira: wapishi, wahudumu, watunza bustani, mafundi wa mawe.

Mifano ya kwingineko inawaunga mkono. San Juan, Puerto Rico, konventi ya Wakarmeli iliyokamilika mwaka 1651 ilifungwa mwaka 1903, ikawa duka, ukumbi wa dansi, nyumba ya kulala ya watu wasio na kitu, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa mahali pa kuegesha magari ya taka. Hoteli ilifunguliwa humo mwaka 1962. Huko Cartagena, Kolombia, konventi ya Santa Clara nayo ilipitia gereza na hospitali kabla ya kuwa hoteli mwaka 1995. Ukiweka magari ya taka upande mmoja na hoteli upande mwingine, hesabu ni rahisi.

Ila hesabu hiyo ina hila ndani yake. Inatuambia kwamba chaguo ni mawili tu, hoteli au magofu. Jiji la Oaxaca lenyewe linaikanusha, na ushahidi uko umbali wa dakika chache kwa miguu.

Panda kutoka Santa Catalina kuelekea kaskazini utafika Santo Domingo de Guzmán, konventi kubwa ya Wadominiko wanaume. Nayo ilitwaliwa na serikali karne ya 19, na sehemu yake kubwa ikawa kambi ya jeshi. Wanajeshi walikaa humo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipokaribia kuondoka, mpango wa kuweka hoteli ya kifahari na maegesho ya magari ukaanza kuzungumzwa. Safari hii jiji likakataa. Mchoraji Francisco Toledo, Mzapoteki aliyekuwa na jina kubwa duniani, alikusanya wenzake, na mwaka 1993 wakaunda PRO-OAX, chama cha kutetea urithi wa utamaduni na mazingira wa Oaxaca. Walishinda. Mwaka 1998 konventi ikafunguliwa kama kituo cha utamaduni. Ndani kuna jumba la makumbusho lenye hazina ya dhahabu, mawe ya feruzi na mifupa iliyochongwa kutoka Kaburi la 7 la Monte Albán, mji wa kale wa Wazapoteki, lililogunduliwa na mwanaakiolojia Alfonso Caso mwaka 1932. Kuna maktaba ya vitabu vya kale iliyopewa jina la Fray Francisco de Burgoa. Na mahali ambapo pangekuwa na maegesho, pana bustani ya mimea ya Oaxaca, zaidi ya hekta mbili.

Bustani hiyo ndiyo inayonigusa kuliko yote. Wameotesha mipungate humo, na juu ya mipungate kuna kochinili. Anayeongoza wageni huchukua kidudu kimoja, hukibonyeza kwenye kiganja, na kiganja hugeuka chekundu kama kimejikata. Unaiona kwa macho yako rangi iliyojenga jiji lile. Wachimbaji walipokuwa wakitengeneza bustani walikuta mifereji ya zamani ya kupitishia maji, na badala ya kuifukia, mpango wa bustani ukaiheshimu. Huko ndiko kuhifadhi ninakoelewa mimi: mawe yamebaki, na pamoja nayo kumebaki maelezo ya nani aliyalipia.

Tena kuna konventi ya tatu ambayo husahauliwa. Mwishoni mwa karne ya 18 Oaxaca ilipata nyumba ya watawa kwa ajili ya mabinti wa machifu wa kienyeji, kwa kuwa mabinti hao hawakukaribishwa kirahisi kwenye konventi za Wahispania. Leo ni Nyumba ya Utamaduni ya Oaxaca, ambako watoto na vijana hufundishwa muziki, ngoma na uchoraji. Konventi ya mabinti wa wakoloni imekuwa hoteli ya wenye fedha, na konventi ya mabinti wa wenyeji imekuwa darasa la ngoma. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa, mtetezi wa hoteli atajibu, na ana haki ya kujibu. Atasema Santo Domingo ilihitaji mamilioni ya serikali ya shirikisho, serikali ya jimbo na wafadhili wa mabenki. Ilihitaji pia Toledo mmoja, na watu kama Toledo hawazaliwi kila konventi inapochakaa. Atasema makumbusho yanaishi kwa bajeti ya umma, na bajeti ya umma ndiyo hukatwa ya kwanza mambo yakiwa magumu. Atakumbusha pia kwamba bustani ile kwa miaka mingi imeingiwa kwa ziara za kuongozwa tu, kwa saa maalumu na kwa kiingilio, wakati ua wa hoteli unaweza kuingia ukaagiza kahawa na kukaa asubuhi nzima. Hoja hizi siwezi kuzipuuza. Jimbo la Oaxaca ni miongoni mwa maskini zaidi Meksiko na lina majengo ya kale kila kona. Kuyageuza yote makumbusho ni ndoto.

Lakini hoja ya kahawa inanitia shaka. Mlango ulio wazi haumaanishi kila mtu anajisikia kualikwa. Mwanamke anayeuza vitambaa alivyofuma mwenyewe hapo nje mtaani anajua vizuri mahali pake panaishia wapi, na hakuna kibao kinachohitajika kumwambia.

Suala la Guelaguetza linaonyesha vizuri zaidi ninachosema. Neno hilo la Kizapoteki lina maana ya kusaidiana: ukiwa na arusi au msiba, majirani wanakuletea kuku, mahindi, pombe ya mezkali, nguvu zao, nawe unaandika moyoni ili uje kulipa siku yao. Ni kama mchango na ujima tunavyovijua sisi. Kutokana na neno hilo kukazaliwa tamasha kubwa la Julai ambapo vijiji vya jimbo zima huleta ngoma zao jijini. Hoteli nayo imekuwa na onyesho lake la jioni, mara moja kwa juma, ndani ya kanisa la zamani la konventi, pamoja na chakula. Wanangoma wanalipwa, na ni wazuri. Mgeni aliyefika mwezi wa Novemba, ambaye asingeweza kuona tamasha lenyewe, anaona kitu. Hata hivyo, jambo ambalo maana yake ni kupeana bila bei limewekwa bei kwa sahani. Mwaka 2006, walimu na wananchi walipoinuka Oaxaca, moja ya vitu walivyovisusia ilikuwa tamasha rasmi la Guelaguetza, kwa madai kwamba limegeuzwa biashara ya watalii. Tamasha la serikali halikufanyika mwaka ule, na wananchi wakafanya la kwao. Mwanzoni mwa 2024 watu waliandamana tena mitaani, safari hii juu ya kodi za nyumba zinazowafukuza katikati ya jiji. Hoteli moja haiwezi kubeba lawama ya yote haya, na ingekuwa uonevu kuibebesha. Ila imo katika uchumi uleule unaouza jiji kwa sura yake ya zamani, na sura ya zamani ikishapanda bei, wenye jiji huhamia pembezoni.

Huenda njia ya kati ipo. Hispania tangu 1928 imekuwa na Paradores, hoteli zinazomilikiwa na dola, nyingi zikiwa ndani ya ngome, majumba na konventi za kale. Ile ya Granada iko ndani ya eneo la Alhambra, katika konventi ya Wafransisko iliyojengwa juu ya kasri la watawala Waislamu, na Malkia Isabella alizikwa hapo kwanza kabla ya kuhamishiwa kanisa la kifalme mwaka 1521. Mgeni analala, analipa, na jengo linabaki la umma. Hilo linatatua swali la mmiliki. Halitatui swali la simulizi, kwa sababu dola nayo hupenda kusimulia yanayoipendeza.

Na kwangu, swali la simulizi ndilo lenyewe. Santa Catalina kama hoteli, mimi ninaikubali. Miaka ya 1970 haikuwa na PRO-OAX, na jengo lingeendelea kukatwakatwa. Hoteli ni mlinzi anayefaa wa paa na kuta. Kile ambacho haifai kuwa ni msimulizi pekee, kwa sababu anayeuza usingizi mtulivu hana faida yoyote kumkumbusha mgeni habari za mahari, riba, madeni ya kochinili na wanawake wa vijijini waliotumikia mle. Hivyo vitu havimpi mtu usingizi. Akiachwa peke yake, atabaki na mishumaa, maua ya bugenvilia na neno "kikoloni" lililooshwa mpaka likabaki rangi tu.

Basi kazi ya kusimulia iwe na mwenyewe. Jengo linalindwa na sheria ya umma, kwa hiyo umma una haki ya kudai kitu zaidi ya kutobomolewa kwa matao. INAH ingeweza kuweka katika masharti ya vibali vyake siku za ziara za bure kwa wanafunzi wa Oaxaca, ziongozwe na wanahistoria, wala si na wahudumu wa mapokezi, na maelezo yawekwe kwa Kihispania na Kizapoteki. Hilo halihitaji mamilioni. Wala halihitaji kumwondoa mgeni hata mmoja kitandani mwake.

Ningeanzia kwenye yale mabeseni. Kuna mitaa mingi ya Oaxaca leo ambako maji ya bomba hufika baada ya majuma, na familia hununua maji ya maboza, zikiyapima kwa ndoo. Watoto wa mitaa hiyo wanajua kufua kwa maji machache kuliko mwanahistoria yeyote. Wakiletwa asubuhi moja kwenye banda lile, wakasimama 12 kwa mara moja, kila mmoja kwenye beseni lake, wataona mara moja vitu ambavyo picha za arusi hazionyeshi: kwamba jiwe lina mteremko wa kushusha maji machafu, kwamba ukingo uko kwenye kimo cha mtu aliyeinama, na kwamba wanaofua wamepangwa kwa duara, kila mmoja akiwaona wengine wote.